Tununue Kipimo, Vingine Tutengeneze Wenyewe

Kati ya maombi ya fedha ambayo vikundi vya wanafunzi vimepeleka kwa waziri wa fedha wa serikali yetu muhula huu, kuna moja fupi la kikundi cha redio za ridhaa. Lina mistari miwili tu. Wa kwanza ni redio moja ya mawimbi mafupi. Wa pili ni boksi la kuoanisha antena, lile la kisasa linalojirekebisha lenyewe ukibonyeza kitufe. Bunge letu likikaa litapitisha au litakata. Mimi ni mwanakikundi, na ushauri wangu kwa waheshimiwa wabunge ni huu: mstari wa kwanza pitisheni, wa pili kateni. Fedha ile ile tupeni, lakini tuitumie kununua kipimo, waya na pete za feraiti. Boksi tutalitengeneza wenyewe.

Najua wenzangu kwenye kikundi watanuna. Watasema nimewauza. Hapana. Nabishana nao hapa hadharani kwa sababu hii sio ishu ya boksi tu. Ni ishu ya tumekuja chuo kufanya nini, na michango yetu ya jumuiya inanunua maarifa au inanunua vitu.

Kwanza tuelewane

Kwa wadau wa sheria, sosholojia na biashara ambao mada hii ni ngeni: redio ya ridhaa ni mawasiliano yanayofanywa na watu wasio na biashara ndani yake. Unazungumza na wenzako wa nchi nyingine kwa sauti, kwa alama za Morse au kwa data, unajaribu vifaa, unajifunza. Kama ilivyo kwa ndondi za ridhaa, hakuna anayelipwa. Lakini ridhaa sio holela. Hapa Tanzania masafa yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na huruhusiwi kurusha bila leseni. Kituo chenye leseni hupewa jina linaloanza na 5H. Jirani zetu wa Kenya wana 5Z, Waganda wana 5X. Mpaka leseni itoke, kikundi kinaweza kuunda vitu na kuvipima mezani bila kurusha neno hata moja hewani. Na kwa maoni yangu, huo ndio muda mzuri kuliko wote.

Sasa, kuoanisha ni nini? Chukua kamba nyembamba, uifunge kwenye kamba nene, mwenzako ashike mwisho wa ile nene, wewe utikise huku kwako. Wimbi likifika kwenye fundo, sehemu yake inaendelea mbele na sehemu inarudi mkononi mwako. Redio, kebo na antena ziko hivyo hivyo. Redio nyingi za ridhaa zimeundwa zikitegemea kukutana na impidansi ya omu 50, yaani kiwango fulani cha ugumu ambao umeme unaobadilika-badilika unakutana nao njiani. Antena ikiwa na kiwango tofauti, sehemu ya nguvu inaakisiwa na kurudi ilikotoka. Kipimo cha jambo hilo kinaitwa SWR. Ikiwa 1, hakuna kinachorudi. Ikiwa 2, asilimia 11 ya nguvu inaakisiwa. Ikiwa 3, ni asilimia 25.

Antena nazo hazijui kwamba sisi tunataka omu 50. Waya wa nusu wimbi uliokatwa katikati, ukiwa mbali na ardhi, una kama omu 73. Nguzo ya robo wimbi iliyosimama juu ya ardhi nzuri ina kama 36. Halafu kuna waya wa nusu wimbi unaolishwa kutoka ncha moja. Huo ndio unaofaa sana maisha ya hosteli, kwa sababu unahitaji dirisha moja na mti mmoja, basi. Lakini impidansi yake kwenye ncha inakwenda kwenye maelfu, na wanaounda vifaa vyake huwa wanahesabu omu 2,450. Kati ya 50 na 2,450 lazima kiwepo kitu cha kuwapatanisha. Kitu hicho ndicho tunachogombania.

Boksi linaficha nini

Ndani ya boksi la kujirekebisha mna koili, kapasita, rilei na kompyuta ndogo. Unabonyeza, unasikia rilei zinapiga tek-tek-tek, taa ya kijani inawaka, mambo yameisha. Sisemi ni kifaa kibaya. Mtu anayesafiri na redio na kila siku anafunga waya mahali tofauti, kitamfaa. Kwa kikundi cha wanafunzi kinachoanza, kina kasoro tatu.

Ya kwanza ni ya kitaalamu. Boksi linakaa mezani pembeni ya redio, wakati tatizo liko kule juu kwenye mti. Linachofanya ni kuifanya redio iridhike. Kati ya boksi na antena mawimbi bado yanakwenda na kurudi ndani ya kebo, na kila safari kebo inakula chake. Mita 30 za kebo nyembamba ya RG-58 kwenye megahezi 28 zinapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu hata antena ikiwa imeoana vizuri. Isipooana, hasara inazidi kupanda, na taa ni ya kijani vile vile. Dawa ni kuoanisha kule kule antena inapoanzia, na kwa waya wetu wa hosteli hiyo ni kazi ya transfoma moja ndogo tunayoweza kuizungusha kwa mikono.

Ya pili ni ya uendeshaji. Kitu ambacho hakuna aliyekifungua kikifa, kimekufa. Kila mmoja wetu anaijua ile kabati ya vifaa vizuri vilivyokufa kwa sababu ya sehemu moja ndogo, vikabaki na stika ya mfadhili.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Boksi linatunyima swali. Mwanafunzi akiuliza kwa nini antena haikubali, jibu ni bonyeza kitufe. Tutakuwa tumelipa fedha za wanafunzi ili wanafunzi wasiulize.

Vitu vitatu vya kuanzia

Msidhani naongea hewani. Hivi ndivyo vitu vitatu ninavyotaka kikundi kiviunde muhula huu, na kila kimoja kina hesabu yake tuliyoisoma au tutakayoisoma.

Kimoja ni kizuizi cha mkondo unaotembea nje ya kebo. Watu wengi wanadhani umeme wa redio unapita ndani ya kebo peke yake. Ukilisha waya uliokatwa katikati kwa kebo ya antena, sehemu ya mkondo inashuka kwa nje ya ule wavu wa shaba mpaka chumbani kwako. Ukipokea, kelele za chaja na taa za chumbani zinapanda kwa njia hiyo hiyo mpaka kwenye antena. Dawa ni kuipitisha kebo mara 10 au zaidi kwenye pete kubwa ya feraiti, au kuizungusha mita 6 hivi kwenye bomba la PVC la sentimita 10. Kazi ya nusu saa. Hata yale mafundo meusi yaliyo kwenye waya wa monita za zamani yanafanya kazi hii hii, na mkiyakusanya ya kutosha kwenye kebo moja yanasaidia.

Cha pili ni mtandao wa koili moja na kapasita moja. Tuseme tumepima antena tukakuta omu 200 kwenye megahezi 7.1, nasi tunataka 50. Gawa 200 kwa 50, toa 1, tafuta kipeuo cha pili: unapata 1.73. Zidisha kwa 50, koili inatakiwa kuwa na omu 87 kwenye masafa hayo, ambayo ni mikrohenri 1.94. Gawa 200 kwa 1.73, kapasita inatakiwa omu 115, ambayo ni pikofaradi 194. Basi. Sasa vinapatikana wapi? Koili ni mizunguko 9 ya waya wa nyumba kwenye bomba la PVC la milimita 32, itandazwe sentimita 3. Inatoa kama mikrohenri 2, ukiitanua kidogo inashuka. Kapasita ni kipande cha kebo ya RG-58 chenye ncha iliyoachwa wazi, maana kila mita ya kebo ile ina kama pikofaradi 100. Anza na mita 2, kata kidogo kidogo huku unapima. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekata kebo hiyo kwa koleo na kuona mstari kwenye kipimo unatembea, hahitaji tena kukariri fomula.

Cha tatu ndicho cha kule kwenye dirisha la hosteli: transfoma ya moja kwa 49. Pete kubwa ya feraiti aina ya 43, ile ya inchi 2.4 ambayo wanaredio wanaiita FT240-43. Mizunguko 2 upande wa redio, 14 upande wa waya. Uwiano wa mizunguko ni 7, na impidansi inafuata mraba wa uwiano, kwa hiyo 49. Zidisha 50 kwa 49 upate 2,450. Kapasita ya pikofaradi 100 upande wa redio inasaidia kwenye masafa ya juu. Ukifunga waya wa kama mita 20, unapata megahezi 7, na kwa kuwa nusu mbili, tatu na nne za wimbi nazo zinaenea kwenye waya ule ule, unapata pia 14, 21 na 28. Bendi nne, waya mmoja, hakuna rilei wala kompyuta.

Kabla ya kupanda juu ya mti, transfoma ipimwe mezani. Weka kinzani cha omu 2,200 na cha 270 kwa mfuatano upande wa juu, jumla 2,470, halafu pima upande wa chini. SWR ikiwa karibu na 1, umefaulu. Ikiwa 6, rudi ukahesabu mizunguko.

Hapo ndipo somo linapoanza. Kuna mtu atakuja na pete ya njano na nyeupe aliyoichomoa kwenye pawa saplai ya kompyuta mbovu, atasema pete ni pete. Mwache azungushe. Atakuta haikubali, kwa sababu ile ni unga wa chuma wenye usumaku mdogo. Mizunguko 2 juu yake inakuwa kama njia ya mkato, umeme unapita hapo bila kwenda kwenye waya. Kwenye pete ya aina ya 43, mizunguko 2 ina kama mikrohenri 4.3, sawa na omu 190 kwenye megahezi 7.1, karibu mara nne ya 50, na ndiyo maana inafanya kazi. Desa lina neno moja tu, upenyevu wa sumaku. Mezani neno hilo linakuwa pete mbili za ukubwa mmoja, moja inakubali na nyingine inakataa.

SWR na GPA

Kuna kifaa cha nne, na ndicho rahisi kuliko vyote: mzigo bandia. Chukua vinzani 20 vya omu 1,000, wati 2 kila kimoja, visiwe vile vya kuzungushwa waya, uvilehemu sambamba. Unapata omu 50 kamili na uwezo wa wati 40. Kiunganishe kwenye redio, SWR inasoma 1. Hakuna antena duniani itakayokupa alama nzuri kuliko hiyo. Na hakuna mtu hata mmoja atakayekusikia, kwa sababu nguvu yote imegeuka joto pale pale mezani.

Wadau, sisi wengi tunasomeshwa kuwa mizigo bandia. Tumeoana na mtihani barabara. Tunapiga msuli wiki mbili za mwisho, desa linaingia, desa linatoka, GPA inasoma vizuri. Halafu mtu anakwenda fildi, anapewa kebo na koleo, anauliza inashikwaje. Chati ya Smith, iliyochapishwa na Phillip Smith mwaka 1939, tunaichora kwa kalamu za rangi kwenye UE. Ni wangapi kati yetu wameshaona nukta ikitembea juu ya chati hiyo kwa sababu wamekata sentimita 10 za waya?

Siwalaumu walimu. Darasa la watu 200 na maabara yenye meza 10 haliruhusu mengi. Ndiyo sababu nasema kazi hii ni ya jumuiya na vikundi vyake. Kile ambacho ratiba haiwezi kubeba, Jumamosi inaweza.

Na msidhani kuzungusha waya kwenye pete ni mchezo wa watoto uliotengwa na uhandisi wa kweli. Mmarekani Walter Maxwell alikuwa mhandisi wa RCA, alishughulikia antena za TIROS-1, setilaiti ya hali ya hewa iliyorushwa Aprili 1960. Mtu huyo huyo alikuwa mwanaredio wa ridhaa, W2DU. Mwaka 1973 alianza mfululizo wa makala kwenye jarida la QST akiwaambia wenzake waache kuiogopa SWR kama ugonjwa: kwenye kebo isiyopoteza sana, nguvu iliyoakisiwa inarudishwa tena juu, sio kwamba yote imepotea. Mwaka 1983 akaeleza kizuizi cha mkondo kilichoundwa kwa kuvisha kebo nyembamba shanga za feraiti, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetunga shanga. Wanaredio wanakiunda mpaka leo. Mikono iliyohusika na setilaiti haikuona aibu kutunga shanga.

Wanaonipinga

Nimewasikiliza wenzangu na hoja zao sio za kupuuzwa.

Wanasema muda hakuna. Muhula ni mfupi, kuna mazoezi ya darasani, kuna sapu. Kweli. Lakini transfoma ile ni jioni moja, kizuizi ni nusu saa, koili ni mchana mmoja. Foleni ya kusubiri boksi litoke nje, lipite forodha, lifike, inaweza kula muhula mzima na hakuna aliyejifunza kitu.

Wanasema siku hizi kununua ni rahisi kuliko kutengeneza. Kwa baadhi ya vitu ni kweli, na hapo mimi sina ushabiki. Redio yenyewe tusijaribu kuiunda, tununue. Kipimo tununue. Kuna kifaa kidogo kinaitwa NanoVNA, kinaingia mfukoni, kinapima kuanzia kilohezi 50 mpaka megahezi 900, na kinauzwa chini ya dola 100 za Kimarekani. Zamani kifaa cha kazi hiyo kilikuwa mali ya maabara kubwa, hakishikwi bila ruhusa ya mkuu wa idara. Kanuni yangu ni nyepesi: nunua kinachopima, tengeneza kinachopimwa. Kipimo kimoja kitatumiwa na kila atakayekuja nyuma yetu. Boksi moja litaoanisha antena moja.

Wanasema vya kutengeneza wenyewe havina sura. Sawa, boksi la plastiki la fundi umeme lenye skrubu nne halipendezi kwenye picha ya uzinduzi. Ila wimbi halijui sura. Linajua urefu wa waya, aina ya pete na unganisho lililolehemiwa vizuri.

Wanasema ni hatari. Hoja hii naikubali kuliko zote, na naifanya kuwa sababu ya kujifunza. Waya wa nusu wimbi unaolishwa kwa wati 100 una karibu volti 500 kwenye ncha yake, zaidi ya mara mbili ya soketi ya ukutani. Hata kwa wati 5 ni kama volti 110. Aliyefanya hesabu hiyo mwenyewe hawezi kuuacha waya mahali mtu anapoweza kuushika. Aliyebonyeza kitufe hajui hata kama volti hizo zipo.

Kufunga nako ni kazi

Kuunda ni nusu. Nusu nyingine ni kufunga, na hapa ndipo kikundi kinahitaji watu wasiosoma umeme. Waya wa antena haukatizi juu wala chini ya nyaya za TANESCO, na haufungwi mahali ambapo ukikatika utaziangukia. Hii haina mjadala. Kamba ya upande wa mti iachiwe ulegevu au ifungwe uzito, maana mti unayumba na waya usioyumba nao unakatika. Boksi la transfoma litobolewe tundu dogo chini ili unyevu utoke. Sisi tulio pwani tunajua chumvi ya hewa inavyokula shaba, kwa hiyo kila unganisho la nje lifungwe kwa utepe wa mpira, na likaguliwe kabla ya masika. Kebo ipinde chini kabla ya kuingia dirishani, maji yadondokee nje. Radi zikianza, kebo ichomolewe na ncha yake ikae nje, sio chini ya kitanda.

Orodha hiyo sio ya wahandisi peke yao. Mwenye kuomba kibali cha kutumia mti wa chuo ni nani? Mwenye kuisoma sheria ya mawasiliano na kuwaandalia wenzake maombi ya leseni ni nani? Nategemea watu wa sheria. Mwenye kuandika kumbukumbu zinazosomeka ni nani? Nategemea watu wa lugha.

Kama bado unajiuliza mchango wako wa jumuiya unahusikaje, kumbuka Mei 12, 2024. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwingineko. Sidanganyi kwamba waya wetu wa mita 20 ungeirudisha. Mawimbi mafupi yanabeba sauti na ujumbe mfupi, hayabebi video zenu. Lakini yanavuka mipaka bila kebo na bila mnara, na siku mitandao inapolala, jamii yenye watu wanaojua kufunga waya na kuufanya ukubali ina kitu ambacho fedha za siku ile ile haziwezi kununua. Ujuzi wa aina hiyo hauagizwi kwa dharura. Ama mnao, ama hamna.

Ninachoomba bungeni

Mheshimiwa waziri wa fedha na waheshimiwa wabunge, badilisheni mstari wa pili wa ombi letu usomeke hivi: kipimo kimoja cha NanoVNA, pete 10 za feraiti za aina ya 43, na fungu dogo la vitu vya Kariakoo: waya wa nyumba, mabomba ya PVC, maboksi ya plastiki, vinzani, risasi ya kulehemia. Pete ndizo za kuagiza, vingine karibu vyote viko dukani.

Na mtupe masharti, msitupe fedha tu. Kila kundi liwe na watu wanne, angalau mmoja awe wa kitivo kisichohusika na umeme. Kila kilichoundwa kipimwe mezani, kiandikwe kwenye daftari pamoja na mizunguko, aina ya pete na SWR iliyosomwa, na walioshindwa waandike walichokipata vile vile. Daftari libaki chumba cha jumuiya ili mwaka wa kwanza wa mwakani asianze sifuri. Mwisho wa muhula tuje mbele yenu, mtuulize kwa nini 14, kwa nini 2, kwa nini 49. Tukishindwa kujibu, mwakani mtukatie fungu lote.

Boksi la taa ya kijani haliwezi kusimama mbele ya bunge likaulizwa maswali. Mwanafunzi anaweza.